Nyasi Kwanza: Mazingira na Serikali za Kaunti za Kaskazini mwa Kenya

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, wazee wetu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie vipaumbele vya mazingira katika kaunti zetu, kuanzia Turkana na Marsabit hadi Mandera. Taka za mijini ni kero, na makaa yanamaliza migunga. Hata hivyo, leo nitang'ang'ania malisho.

Kati ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Kila ukame ukibisha hodi, jibu letu limekuwa kuchimba kisima. Mwenye kiu haambiwi asubiri, hilo nalielewa. Lakini kisima kikichimbwa kwenye malisho yaliyowekewa kiangazi, mifugo hupiga kambi hapo mwaka mzima. Nyasi hazipati nafasi ya kutoa mbegu, udongo unabaki uchi, na mvua ikija inauzoa. Ukame unaofuata, ng'ombe anakufa njaa kando ya birika lililojaa maji!

Wazee wa Kiborana kule Isiolo wana dedha, baraza linalopanga malisho ya masika, ya kiangazi, na ya akiba yasiyoguswa mpaka hali iwe mbaya kabisa. Ujuzi huo tunao, ila mara nyingi mtambo wa kuchimba hufika kabla ya wazee kuulizwa. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti kazi ya kuhifadhi udongo na maji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 nayo inaziruhusu jamii zilizosajiliwa kujiwekea kanuni za ardhi yao. Basi naliomba bunge la kaunti lipitishe hivi: hakuna kisima cha fedha za umma bila idhini ya maandishi ya wazee wa malisho. Najua ni ombi zito kwa mheshimiwa aliyeiahidi wadi yake kisima.

Nyasi zikiisha, mathenge huingia. Mti huu ulipandwa ili kuzuia jangwa, na sasa umeziba kingo za Tana na Turkwel. Kule Baringo wananchi walikwenda mahakamani, mbuzi wao wakiwa wameoza meno kwa kula maganda yake. Kuukata juu juu ni kazi bure, kwani huchipua upya. Lazima kisiki king'olewe na nyasi zipandwe hapo hapo. Wachoma makaa wapewe vibali vya kuuvuna huo, waiache migunga. Fedha za kazi hiyo ziingizwe katika bajeti ijayo, kabla ya maganda mapya kukomaa.