Upanga, Kamba na Dhahabu 40

AIKA: Karibuni wasikilizaji. Tuko Moshi, mvua inanyesha tangu alfajiri. Kaka Elisante, Jumamosi kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi ambapo kila mchezaji ana mhusika wake na mimi ndiye msimulizi, kuna kijana alinyamaza mchezo mzima, na kosa lilikuwa langu.

ELISANTE: Yule wa mkuki?

AIKA: Huyo huyo. Nilisema kila mtu arushe dadu tatu, azidishe jumla mara 10 apate dhahabu, akanunue vifaa vya mhusika wake. Yeye akapata dhahabu 40, mwenzake 150. Deraya ya mabamba, yaani vazi la chuma la kujikinga, ni 50, hakuifikia. Mwenzake akaichukua pamoja na ngao, upanga, upinde, na chenji ikabaki. Pambano la kwanza tu, kijana chali.

ELISANTE: Pole yake. Hiyo ni sheria ya Dungeons & Dragons ya mwanzo, ya Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Unaweza kupata 30, unaweza kupata 180. Ila enzi zile wahusika walikufa upesi. Unaunda mwingine, unarusha tena, bahati inageuka. Sisi mhusika mmoja tunakaa naye miezi sita! Dadu ya siku ya kwanza inamfuata mtu hadi Krismasi.

AIKA: Ndiyo maana nimerudi kwenye toleo la 2014 la mchezo huo. Kila aina ya mhusika ina furushi lake la vifaa tayari.

ELISANTE: Hata hapo usihesabu bei, dada. Mpiganaji anaweza kuanza na deraya ya pete za chuma, ya dhahabu 75. Mtawa, yule anayepigana kwa mikono mitupu, hapewi deraya kabisa. Ukitazama bei utasema kaonewa, kumbe wepesi wake na utulivu wake ndivyo vinavyomkinga. Mimi najiuliza swali moja tu: siku ya kwanza, kila mmoja ana jambo la kufanya ambalo wenzake watamhitaji?

AIKA: Na uzito wa vifaa je? Wengi wanauruka.

ELISANTE: Mimi siuruki. Ile deraya ya pete ni kama kilo 25. Hapa kwetu wagumu, yaani wapagazi wa Kilimanjaro, wanapimiwa mizigo getini kabla ya kupanda mlima, kilo 20 basi. Mtu wa Moshi anajua kilo tano za ziada zinafanya nini kwenye magoti. Aliyevaa chuma asinyemelee kama paka. Hapo mwenye deraya nyepesi ya ngozi anapata nafasi yake.

AIKA: Hilo nalichukua. Mimi nimeongeza kitu kimoja nje ya furushi, kisicho silaha. Namuuliza mchezaji: ulipoaga nyumbani, walikupa nini? Jana nimempigia yule kijana. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema bibi yake alimpa kamba ya kufungia ng'ombe.

ELISANTE: Ukamkubalia?

AIKA: Nimeshaiandika kwenye karatasi yake, mita 15. Na Jumamosi hii wanafika kwenye korongo lisilo na daraja.