Kwa Nini Maore Inampigia Kura Le Pen

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Niliombwa nizungumzie siasa ya wageni Ufaransa, na wengi wenu bila shaka mmekuja kusikia habari za Paris. Mimi nitabaki huku kwetu baharini, Maore, kisiwa ambacho Wafaransa hukiita Mayotte. Wangazija mliomo humu mtanivumilia. Haya mnayajua kunizidi.

Desemba 1974 visiwa vyote vinne vya Komoro vilipiga kura. Kwa jumla uhuru ulishinda kwa kishindo, ila Maore wengi waliukataa. Paris ikaamua kila kisiwa kihesabiwe peke yake, na Komoro ikajitangazia uhuru mwaka 1975 huku kisiwa kimoja kikibaki mikononi mwa Ufaransa. Umoja wa Mataifa ulilaani. Hakuna kilichobadilika.

Hata hivyo ndugu waliendelea kutembeleana. Mtu wa Nzwani, kisiwa jirani cha Komoro, alivuka kwenda Maore kuoa, kuzika au kufanya biashara zake, akarudi. Mwaka 1995 serikali ya Waziri Mkuu wa Ufaransa Édouard Balladur ikaweka viza kwa Wakomoro. Kutoka Nzwani ni kama kilomita 70 tu. Tangu hapo watu huvuka usiku kwa kwasa-kwasa, boti za uvuvi zenye mashine nyuma, zimesheheni wajawazito na wagonjwa hadi maji yanakaribia ukingo. Wangapi wamezama, hakuna ajuaye.

Sasa, uchaguzi wa urais wa Ufaransa wa 2022. Katika duru ya pili Marine Le Pen, mgombea wa siasa kali za kupinga wageni, alipata asilimia 59 Maore, kisiwa ambacho karibu wakazi wote ni Waislamu. Watu walicheka. Mimi sioni cha kuchekesha, na ili tuelewane inabidi tupite Algeria, iliyokuwa koloni la Ufaransa.

Sheria ya 1865 ilimwambia Mwislamu wa Algeria: wewe ni Mfaransa, lakini uraia kamili hupati mpaka uache kuhukumiwa kwa sheria ya dini yako. Mwaka 1881 zikaongezwa kanuni za kuwaadhibu wenyeji peke yao, kwa makosa ambayo kwa Mzungu hayakuwa makosa. Mojawapo lilikuwa kutoka wilayani kwako bila kibali. Jean-Marie Le Pen, baba yake Marine, alipigana Algeria akiwa askari wa miavuli. Mwaka 1972 akawa kiongozi wa kwanza wa chama cha Front National, na miongoni mwa waasisi wenzake walikuwemo watu waliopigania Algeria ibaki ya Ufaransa. Koloni lilikufa, fikra ya kuwapanga watu kwa madaraja ilihamia kwenye hoja ya kwamba ajira, nyumba na misaada iwe ya Wafaransa kwanza.

Tazameni kibali cha ukaazi kinachotolewa Maore. Mgeni anayeishi pale kihalali kabisa, pengine amesoma shule zao tangu utotoni, hawezi kupanda ndege kwenda Paris bila ruhusa maalumu. Wale wa 1881 wangekitambua kibali hicho mara moja! Na tangu 2018, mtoto wa wageni anayezaliwa Maore ana masharti ya uraia ambayo aliyezaliwa Lyon, Ufaransa bara, hana. Mwaka 2025 yakakazwa tena, na mwaka huohuo Gérald Darmanin, Waziri wa Sheria, asiyetoka chama cha Le Pen, akataka suala la uraia wa kuzaliwa lijadiliwe kwa nchi nzima. Kilichojaribiwa kisiwani kinapigiwa debe bara.

Sasa mwaweza kumwelewa mpiga kura wa Maore. Ufaransa wake, yaani kuwa kwake Mfaransa, unatiliwa shaka kila siku, kwa jina lake, dini yake, lugha yake. Njia aliyopewa ya kuuthibitisha ni kumkana binamu yake wa Nzwani. Naye anamkana. Lakini mwaka 2025 bado, maskini wa Maore mwenye pasipoti ya Ufaransa alikuwa akilipwa msaada wa kujikimu ambao ni nusu ya ule anaolipwa maskini wa Paris.