Uso au Sauti: Dakika Tatu za Nasielsk

ZUHURA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Nilikuwa nimeandaa mafunzo matatu kwa familia zinazotaka kurekodi simulizi za wazee wao, lakini kaka Athumani ameingia studioni na manung'uniko yake, nanyi mnamjua.

ATHUMANI: Si manung'uniko, dada. Jumamosi nilikwenda kutazama filamu ya Bianca Stigter ya mwaka 2021, iliyotengenezwa kutokana na mkanda wa dakika tatu uliopigwa mwaka 1938 katika mji wa Nasielsk, Poland. Kwa zaidi ya saa nzima tulitazama dakika zile zile, zikirudiwa, zikisimamishwa na kusogezwa karibu, hadi kijana aliyeketi kando yangu akaninong'oneza kama mashine imekwama.

ZUHURA: Nawe ukamjibu nini?

ATHUMANI: Kwamba nami nilikuwa nikijiuliza hivyo hivyo.

ZUHURA: Basi tuwaeleze wasioijua. David Kurtz alizaliwa Nasielsk, akahamia Marekani angali mtoto, na aliporudi kama mtalii akawapiga picha wenyeji waliomiminika barabarani kumtazama. Mwaka 2009 mjukuu wake, Glenn Kurtz, aliukuta mkanda huo kabatini kwa wazazi wake, Florida, ukiwa umeanza kuharibika, akaukabidhi kwa Makumbusho ya Washington ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, ambayo iliukarabati na kuuweka kwenye intaneti. Wayahudi wa mji ule walikuwa wapatao 3,000, na walionusurika hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia hawakufika 100.

ATHUMANI: Na wale watoto! Kamera ikigeuka, nao wanageuka nayo, wanasukumana, kila mmoja akitaka uso wake uonekane kabla ya wa mwenzake.

ZUHURA: Kama wewe katika harusi ya mdogo wangu.

ATHUMANI: Nilikuwa natafuta kiti.

ZUHURA: Ulikitafuta katika kila picha, hata ile ya bibi harusi na mawifi zake. Mama bado anauliza yule bwana ni wa upande gani.

ATHUMANI: Unacheka, lakini fikiri. Maurice Chandler alikuwa miongoni mwa wavulana hao, mwenye umri wa miaka 13. Mjukuu wake aliuona mkanda kwenye intaneti akamtambua babu yake. Kama angekaa nyuma kwa adabu, nani angemjua?

ZUHURA: Kwa hiyo sasa adabu ndiyo yenye makosa, nawe ulikuwa ukituhifadhia historia ya ukoo.

ATHUMANI: Vitukuu wenu watanishukuru. Ila Chandler ndiye anayenikera, yaani namna alivyotumiwa. Mzee huyo aliwataja wenzake kwa majina na kuueleza mji, lakini katika filamu tunamsikia tu. Uso wake wa uzeeni hatuuoni hata mara moja. Manusura amefikishwa mbele yetu, kisha amefichwa.

ZUHURA: Hakufichwa. Pale uso wa mzee mwenye kuvutia ungejaza skrini, wale wasionusurika wangegeuka pazia la nyuma yake. Yeye alipata miaka mingi ya kupigwa picha. Wengi wao wana dakika hizo tatu tu. Ndiyo maana mtafiti mmoja alihangaika herufi kwa herufi kusoma kibao cha duka la vyakula kilichofifia, ili mwenye duka naye apate jina.

ATHUMANI: Mtengeneza filamu Claude Lanzmann, katika filamu yake ya manusura wa Holokosti iitwayo Shoah, alifanya kinyume kabisa. Filamu hiyo ya mwaka 1985, yenye urefu wa zaidi ya saa tisa, haitumii mikanda ya zamani. Kinyozi Abraham Bomba, manusura, anakata nywele huku akieleza Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi, halafu ananyamaza, na kinachosimulia ni uso wake. Sauti peke yake ingetuachia ukimya tupu.

ZUHURA: Lanzmann alimsihi aendelee ilhali mtu ameshashindwa. Hiyo ndiyo bei ya uso unaoutaka.

ATHUMANI: Na Bomba akaendelea. Hata taasisi aliyoianzisha mwongozaji filamu Steven Spielberg mwaka 1994, yenye shuhuda zaidi ya 50,000 zilizorekodiwa, inamkalisha manusura mbele ya kamera, na mwishoni huonyesha picha za familia, pengine na watoto wake wakiketi naye. Mjukuu anataka kumwona babu akisema.

ZUHURA: Picha hizo huinuliwa kwa sekunde chache, kisha inafuata nyingine. Nani anauliza kuhusu shangazi aliyesimama pembeni? Stigter angekaa naye dakika kumi.

ATHUMANI: Na kijana wangu angeuliza tena kama mashine imekwama.

ZUHURA: Angeuliza, kisha angetazama. Hoja yako ya uso siikubali, kaka.

ATHUMANI: Nami siikubali yako. Fundi wetu anaonyesha imebaki dakika moja, na mafunzo yako matatu hatujayagusa.

ZUHURA: Hata la kwanza halitoshi katika dakika moja. Wasikilizaji, andikeni mtuambie mngependa kumwona Chandler au kumsikia tu.

ATHUMANI: Wataniunga mkono.

ZUHURA: Tutayasoma majibu wiki ijayo, yakiwemo yanayokupinga.