Huyu Mtoto ni wa Nani?

(Mhadhara kwa usharika wa Waswahili, Minnesota, baada ya ibada ya Jumapili)

Bwana Yesu asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Nimepewa nusu saa, na harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo najua nusu saa yenyewe ni nusu saa kweli.

Mmeniita kwa sababu mmechanga. Mnataka kujenga kituo cha yatima nyumbani, na mchungaji amenionyesha ramani: mabweni mawili, bwalo, kisima, ukuta na geti. Mimi nimekaa kwenye ustawi wa jamii Kagera, Tanzania, miaka mingi, na sikupanda ndege kuja kuwavunja moyo. Nimekuja na swali tu. Ni lile ambalo bibi zetu walituuliza kila tulipoingia uani na mwenzetu tuliyemwokota njiani: huyu mtoto ni wa nani?

Bibi hakuuliza kwa ubaya. Chakula angempa hata kama jibu halipo. Alitaka kujua ni wa nyumba ipi, na nani atumiwe salamu kwamba mtoto ameshakula na analala hapa, asitafutwe usiku.

Tuanze na neno lenyewe. Ndugu zetu Waislamu wanalo kwa mipaka: yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, wao wanahesabu kila mwenye umri chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2015 yatima duniani walikadiriwa kuwa karibu milioni 140. Mkiisikia namba hiyo kwenye mahubiri ya kuchangisha, mfuko unafunguka wenyewe. Lakini waliofiwa na baba na mama wote ndani yake walikuwa milioni 15 na kidogo. Waliobaki, karibu tisa katika kila kumi, wana mzazi mmoja hai. Na hao milioni 15 nao wengi wana bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa.

Sasa nendeni kwenye vituo vyenyewe. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, vituo vilijaa, na nani angelaumu? Lakini serikali ilipokuja kuhesabu, kwenye mwaka 2012, ikakuta watoto zaidi ya 3,000 kwenye vituo thelathini na kitu, na wengi wao walikuwa na mzazi au ndugu anayejulikana anakoishi. Wakaanza kuwarudisha nyumbani. Wakenya mlioko hapa mnajua kwamba tangu 2017 serikali yenu ilisimamisha usajili wa vituo vipya, na 2022 ikatoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Ramani ile ya mchungaji, kwa upande wa Kenya, ilishapitwa.

Kama wana ndugu, wamefikaje kituoni? Niwaambie walivyofika, maana mmoja nilimpeleka mimi.

Ilikuwa Jumatatu. Mama alikuja ofisini amejifunga kitenge, ameshika mtoto wa kiume wa miaka sita hivi, kapakwa mafuta mpaka magotini, maana siku hiyo alikuwa anaonyeshwa kwa watu. Mume alikuwa amefariki. Nyumbani kulikuwa na wengine watatu. Akaniambia, "Baba, nisaidie huyu aende pale kwa Wazungu. Pale kuna shule, kuna uji wa maziwa." Hakusema amechoka na mtoto. Alisema kuna uji wa maziwa. Nikaandika barua, nikaweka sahihi, nikagonga muhuri. Kwenye nafasi ya sababu niliandika "yatima". Mama yake ameketi mbele yangu, na mimi naandika yatima.

Miaka miwili baadaye nilienda kukagua. Kulikuwa na wageni. Watoto wakapangwa mstari, wakaimba wimbo wa kuwakaribisha, na yule mtoto akatoka mbio akamkumbatia mama mmoja wa Kizungu ambaye hakuwahi kumwona, akamwita mama. Yule mgeni akalia kwa furaha. Mchana mama yake halisi akafika, ulikuwa msimu wa senene, wale panzi tunaowala kwetu. Amewakaanga, amewafunga kwenye jani la mgomba. Mtoto alisimama mbali. Mama akamsemesha Kihaya, mtoto akajibu Kiswahili, sentensi moja, kisha akaangalia chini. Senene walibaki kwenye benchi, na sisimizi walikuwa wa kwanza kuwaona.

Wataalamu wanalijua jambo hili. Mjini Bucharest, Romania, kuanzia 2000, walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo, wakawagawa: nusu wakapelekwa kwa familia za kulea, nusu wakabaki chini ya malezi ya kituo kama kawaida. Waliopata familia akili zao zilichangamka zaidi, na waliopelekwa kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliopata nafuu kubwa ya kushikamana na mlezi. Waliobaki kituoni hawakukosa uji. Walikosa mtu mmoja ambaye hamalizi zamu akaenda kwake.

Nisieleweke vibaya. Wapo watoto ambao nyumbani ndiko kuna hatari, na usiku huohuo lazima walale pengine. Kwa hao, sheria yetu ya mtoto ya 2009 ina nafasi ya malezi ya kambo na makao pia. Hao tunawajua, ni wachache, na hawaimbi wimbo wa wageni.

Basi Wakristo walifikaje kwenye mabweni? Sehemu yake ni Korea. Mwaka 1952 mhubiri wa Kimarekani, Everett Swanson, alikwenda kuhubiria wanajeshi, akaona watoto wa vita wanavyokufa barabarani Seoul, akarudi kuchangisha. Ndipo lilipoanza Compassion, shirika la kufadhili watoto. World Vision, shirika jingine la Kikristo, la Bob Pierce, nalo lilikuwa na miaka miwili tu, na ufadhili wake wa watoto ulianzia hukohuko Korea. Picha ya mtoto mmoja, jina lake, barua yake, na hela kila mwezi. Ni mbinu yenye nguvu, na watu wengi wamesomeshwa nayo, labda hata hapa ndani wapo. Compassion leo hupitia makanisa ya mahali, na watoto wengi wanalala kwao. Lakini jicho letu lilibaki kwenye ile picha, na kwenye picha mtoto husimama peke yake. Aliyemshika mkono amekatwa pembeni.

Yakobo kwenye waraka wake hakumkata. Anasema kuwatazama yatima na wajane, kwa pumzi moja. Sisi tukachukua yatima tukamjengea bweni, mjane tukamwachia shamba la migomba na madeni ya dukani.

Mkitaka kuona namna nyingine, njooni Nshamba, wilaya ya Muleba. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, 1983, wakati bado tunauita Juliana, jina la nguo za magendo. Ugonjwa ule uliondoka na watu wa umri wa katikati, baba na mama. Ukaacha bibi na wajukuu. Mwaka 2003, kwa msaada wa watu wa Uswisi, ukaanzishwa mpango unaoitwa Kwa Wazee. Walichofanya ni kumpa bibi pensheni. Ndogo, lakini ya kila mwezi, mkononi mwake, bila kumwuliza risiti ya dagaa. Bibi alinunua nini? Chumvi, sabuni, viatu vya shule. Sabuni msiidharau. Mtoto anayenuka haketi dawati moja na wenzake, na asiyeketi na wenzake siku moja haendi shule kabisa.

Hapa Minnesota pia mna mfano. Bega kwa Bega, ushirikiano wa Walutheri wa sinodi ya Saint Paul na dayosisi ya Iringa, imelipia wanafunzi wengi sekondari, na usharika wa huku unajuana na usharika wa kule kwa jina. Mnaweza kupiga simu mkauliza.

Kuhusu kontena. Najua mnalo linajazwa. Nami niliwahi kupokea moja, kutoka nchi siitaji. Makoti ya baridi, kwa watoto wa ziwani. Nguo za ndani za mitumba, ambazo kwetu haziruhusiwi kuingizwa. Tozo za bandari zilipanda kila siku tukitafuta barua ya msamaha wa kodi, na mwisho tulilipa fedha ambayo ingewalisha bibi kumi na watano mwaka mzima. Makoti wameyachukua walinzi wa usiku, wanawashukuru sana.

Yule mama wa senene, mwanawe tulimrudisha akiwa darasa la tano. Haikuwa rahisi. Miezi ya kwanza alikataa kulala chumba kimoja na ndugu zake, akadai kitanda chake. Usharika wa pale ulimtafutia mama mbuzi wawili na ada, na mzee mmoja wa kanisa alipita kila Jumamosi, anakaa, anakunywa maji, anaondoka. Kabla sijasafiri nilimpitia mama, nikamwambia naenda kwa watu wetu wa Marekani wanaotaka kusaidia yatima, je, niwaambie nini? Akafikiri. Akasema bati tatu, la nyuma linavuja juu ya kitanda cha kijana. Kisha akauliza kama na nyinyi huko mna bibi zenu nyumbani, na nani anawapitia.

Mzee wa kanisa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja kontena. Karibu, mzee.