Dizeli Haihitaji Shamba Jipya

Mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango, sogeeni mbele, viti vipo.

Kila ninapokwenda naulizwa swali moja: "Mwalimu, tupande nini tupate dizeli?" Jibu langu halijabadilika. Msipande kitu. Mafuta mnayoyatafuta yako kwenye majiko ya hoteli na vibanda vya chipsi. Yameshakaangia kuku na mihogo mpaka yamekuwa meusi, na usiku yanamwagwa mtaroni. Mengine yanatiwa kwenye dumu na kuuziwa mtu atakayeyakaangia tena, watoto wetu wale. Hayo ndiyo ninayoyataka.

Niseme kwanza la mbono, maana najua humu kuna mtu ana miche kwenye kitalu. Wakubwa wenzangu mnaikumbuka miaka ile ya 2005 mpaka 2010. Mbono kaburi, yaani jatropha, mmea tuliouzoea kama uzio wa boma, ghafla ukawa utajiri. Tukaambiwa unaota popote, unavumilia ukame, mbuzi hawaugusi, na mbegu yake ina mafuta karibu theluthi nzima. Yote ni kweli ukiyachukua moja moja. Lakini kuvumilia ukame si kuzaa kwenye ukame. Upande kwenye ardhi mbovu, utaishi miaka, na mbegu utazihesabu kwa kofia. Ukitaka magunia, upe ardhi nzuri, maji na palizi, yaani vile vile ambavyo mahindi yanadai. Matunda nayo hayaivi kwa pamoja. Tawi moja lina maua, lina mabichi, lina ya njano, lina makavu, kwa hiyo kuvuna ni kwa mkono, na kurudi tena na tena. Lita moja ya mafuta inataka kama kilo 4 za mbegu. Vuna kilo 4, menya, kamua, chuja, kisha niambie mvunaji umemlipa nini. Na mashudu yake ni sumu, huwezi kumpa ng'ombe kama mashudu ya alizeti.

Kisarawe, kampuni ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Watu waliahidiwa ajira, visima, barabara, zahanati. Ilipofika 2011 mradi ukaanguka, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Na ardhi? Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji ikishatolewa kwa uwekezaji wa namna ile inahamishwa kuwa ardhi ya jumla, iliyo chini ya serikali kuu. Mwekezaji akifilisika, haijirudii yenyewe kijijini. Kilwa nako Waholanzi walikuja na mibono yao, wakapanda sehemu ndogo tu ya walichopewa, wakaishia hapo hapo. Kuna wanaoniambia kosa lilikuwa la makampuni, mmea hauna hatia. Silikubali hilo. Mmea usiolipa mpaka uwe kwenye shamba zuri utalitafuta shamba zuri, na shamba zuri lina mwenyewe.

Wala dizeli ya mimea si jambo la juzi. Mwaka 1937, Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels, Ubelgiji, alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini kwa kutumia alkoholi. Kiangazi cha 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain likiunguza mawese yaliyogeuzwa hivyo. Vitabu vya ufundi vinalisifu sana basi lile. Mawese yenyewe yalitoka Kongo, koloni lao. Na mwaka 1931 Wapende, watu wa Kwango huko huko Kongo, walikuwa wameasi, wamechoshwa na kodi na kulazimishwa kukata chikichi huku bei ikishushwa, na mamia waliuawa. Mimi nikilisimulia basi lile naanzia huko.

Mtasema mafuta ya chipsi hayawezi kuendesha nchi. Hayawezi, na sijawahi kusema yanaweza. Anayewaambia kuna mbegu itakayochukua nafasi ya meli za dizeli bandarini, huyo anauza miche. Nazungumzia jenereta ya shule ya bweni, mashine ya kusaga, trekta la kikundi, pikapu ya hoteli hiyo hiyo iliyokaanga. Nchi hii bado inaagiza mafuta ya kula kwa meli. Kuchukua alizeti ya Singida, mafuta safi yasiyowahi kuona kikaango, ukayatia kwenye tanki la gari, siungi mkono hata kama hesabu ya pesa inakubali.

Sasa fundi mmoja hapo anasema moyoni: mimi huyachuja tu na kuyamimina, gari linatembea. Najua. Hata injini iliyoonyeshwa Paris mwaka 1900, ya mtindo wa Rudolf Diesel mwenyewe, mvumbuzi wa injini ya dizeli, iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Injini ile siyo hii yako. Mafuta ya kula ni mazito kama mara 10 kuliko dizeli. Nozeli, ile inayopuliza mafuta ndani ya injini, inashindwa kuyafanya ukungu, inatema matone. Matone hayaungui yote, masizi yanaganda kwenye ncha ya nozeli na kwenye ringi za pistoni, oili inaharibika. Gari litawaka leo, litawaka na wiki ijayo, ndiyo maana watu wanadanganyika.

Lazima yageuzwe. Chembe moja ya mafuta ni asidi tatu zilizoshikwa pamoja na glisirini. Methanoli, spiriti ya viwandani, ikisaidiwa na kostiki, ile ya watengeneza sabuni, inaiondoa glisirini na kukaa mahali pake, unapata chembe tatu ndogo, nyepesi. Kwa lita 100 za mafuta tia kama lita 20 za methanoli, joto nyuzi 55, koroga saa nzima kwenye chombo kilichofungwa, acha yatulie usiku kucha. Glisirini itazama chini, ya kahawia. Juu ndiyo dizeli yako.

Hapa ndipo watu wananikera. Wananipigia simu: "Mwalimu, kostiki gramu ngapi?" Nawauliza, mmepima? Kimya. Hawajapima! Mafuta mapya yanataka gramu 3.5 za kostiki kwa lita. Yaliyokaangia yameshavunjika, yana asidi huru, na asidi ile inakula kostiki yako na kufanya sabuni. Yakiwa na maji, ndiyo kabisa, utapata pipa zima la uji wa sabuni, na methanoli umeshainunua.

Maji yapimeni kwa kikaango: kijiko kimoja cha mafuta kwenye kikaango cha moto, yakitatarika yana maji, yachemsheni kwanza mpaka yanyamaze. Asidi ipimeni hivi. Mililita 1 ya mafuta ndani ya mililita 10 za spiriti safi ya isopropili. Tia manjano kidogo, yale yale ya pilau, rangi itakuwa ya njano. Gramu 1 ya kostiki iyeyushe kwenye lita ya maji safi ya kuongezea betri, si asidi ya betri, vuta kwa bomba la sindano, dondosha tone tone huku unatikisa. Rangi ikigeuka nyekundu na ikabaki, soma bomba. Umetumia mililita 2? Basi ongeza gramu 2 juu ya zile 3.5, inakuwa 5.5 kwa kila lita. Dakika tano tu! Na tafadhali, magadi hayafai hapa. Ni kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kavu, kopo limefungwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuosha na kukausha nayaruka. Bei ya methanoli, ambayo ndiyo inayoamua kama mradi unalipa, itataka siku yake. Mipira ya mafuta kwenye magari ya zamani italainika, ibadilisheni. Filta ya kwanza itaziba kwa sababu dizeli hii inaosha uchafu wa tanki, nunueni mbili. Glisirini ina methanoli ndani, msiifanye sabuni ikiwa hivyo hivyo.

Na methanoli si pombe. Kidogo tu kinapofusha, kinaua, na mwali wake mchana hauonekani. Ifungulieni nje, mbali na moto, na isiwekwe kwenye chupa ya soda, hata kwa dakika moja.

Waliokuja na mafuta yao, meza ya kupimia ni ile pale. Tuanze na aliyeleta ya samaki.