Karanga 22 mezani

MDOGO: Shikamoo dada.

DADA: Marahaba, mdogo wangu. Wasikilizaji karibuni, tuko Area D hapa Dodoma. Huo ni upepo unagonga mabati, msishtuke. Leo ni poka, Texas hold'em ya limiti: kila mtu karata mbili mkononi, tano za wote zinafunguliwa mezani, na kiasi cha kuweka kimepangwa. Kwetu hapa tunachezea karanga.

MDOGO: Ambazo jana nilikuzolea!

DADA: Ndiyo sababu ya kipindi chenyewe. Haya, wasimulie.

MDOGO: Nilishika 9 na 8. Mezani zimefunguliwa nne: 6, 5, mfalme na 2. Ikija 7 tu, nina mfuatano wa 5 hadi 9. Jirani akaweka karanga 4, katikati zikawa 22. Moyo ukaniambia 7 inakuja. Nikafuata, yaani nikaweka 4 zangu, na ikaja kweli.

DADA: Ikaja, ukazoa. Lakini kufuata pale ulikosea.

MDOGO: Nimeshinda halafu nimekosea?

DADA: Kabisa. Karata ni 52. Unazijua 6, mbili za mkononi na nne za mezani. Zimebaki 46 usizoziona. Humo 7 ziko ngapi?

MDOGO: Nne.

DADA: Basi 42 zinakuangusha. Kila moja ya kukuokoa ina kumi na nusu za kukuzamisha. Na meza inakulipa nini? Karanga 22 kwa 4 zako, yaani tano na nusu kwa moja. Jana ulipolala nilizimwaga karanga kwenye ungo nikahesabu. Ukicheza vile mara 46, kila karata ikija mara moja, mara 42 unapoteza karanga 4 kila mara, jumla 168. Mara 4 unazoa 22, jumla 88. Umeliwa 80.

MDOGO: Lakini nikipata, jirani si atanilipa tena kwenye karata ya mwisho?

DADA: Swali zuri sana hilo. Mpe alipe 4 kila mara. Unazoa 26 mara nne, 104. Bado umeliwa 64. Tena kama kwenye zile nne za mezani kuna kopa mbili, 7 ya kopa inaweza kukupa wewe mfuatano na jirani akawa na kopa tano, zinazoushinda mfuatano. Huo ushindi wa nne si wako wote.

MDOGO: Mh. Kumbe.

DADA: Sasa geuza. Mikononi una ree ya kopa na 9 ya kopa, mezani kopa mbili, imebaki karata moja. Kopa zote ni 13, unaziona 4.

MDOGO: Zimebaki 9. Za kuniangusha 37. Kama nne kwa moja.

DADA: Kwa zile zile 22, fuata bila kusita! Hasara 148, faida 198. Huo ndio utamu wa limiti. Kiasi cha kuweka kimepangwa: raundi mbili za kwanza karanga 2, mbili za mwisho 4. Hakuna wa kukurundikia mlima wa karanga ili ukimbie. Bei ya kusubiri unaijua kabla, na watu wakiwa wengi mezani, bei inashuka.

MDOGO: Na tukibaki wawili?

DADA: Hapo ndipo pagumu, na ndipo wengi wanapoliwa. Tuseme bado unangoja kopa, katikati zilikuwa 5, raundi ya pili mkaweka 2 kila mmoja, zikawa 9. Karata ya nne ikaja, mwenzako akaweka 4, zikawa 13. Unalipwa tatu na robo kwa moja, unahitaji nne na kidogo. Haitoshi. Ila ukipata kopa na yeye akakulipa 4 za mwisho, ni 17 kwa 4. Unapita kwa unywele. Kwa hiyo unamtazama mtu sasa: huyu ni wa kulipa au wa kutupa?

MDOGO: Na kompyuta inayocheza poka inamtazamaje mtu?

DADA: Haimtazami, na haifungiki. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu yao Cepheus imeitatua karibu kabisa limiti ya watu wawili. Ilicheza na nafsi yake michezo isiyohesabika. Mimi nina ungo tu.

MDOGO: Karanga zenyewe za Kongwa hizi?

DADA: Za Kongwa. Na pale napafikiria sana. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga eneo kubwa ajabu. Mvua haba, udongo ukikauka mgumu kama saruji, na bado pesa zikaendelea kumwagwa, hadi mpango ukaachwa 1951. Walishaona karata nne, wakaendelea kulipa ya tano. Mgogo wa pale alikuwa anapanda uwele na mtama, anajua mvua yake.

MDOGO: Sawa dada. Nikiwa na 9 na 8, mezani 7, 6, mfalme na 2, nangoja 10 au 5?

DADA: Hesabu mwenyewe.

MDOGO: Nane za kuniokoa, 38 za kuniangusha. Karibu tano kwa moja. Kwa 22... nafuata.

DADA: Unafuata. Changa karata.