Pedali ya Breki Inayozama: Mguu Unavyotuonyesha Ubovu Ulipo

Ndugu wasikilizaji,

Pedali ya breki inapoanza kuzama kupita kawaida yake, wengi wetu hufungua boneti, huongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari. Naomba tuanzie hapo, kwa sababu mafuta ya breki hayaunguzwi na injini. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa, na kiwango chake kikishuka, ama pedi zinazobana diski ya gurudumu zimelika, pistoni za kalipa, yaani kifaa kinachozisukuma pedi hizo, zikasogea mbele na mafuta yakajaza nafasi iliyobaki nyuma yake, ama yanavuja. Anayeongeza bila kuchunguza amejifichia dalili ambayo ingemsaidia.

Kimiminika hakibanwi kikapungua ujazo. Mguu unaposukuma pistoni ya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta kwenda kwenye magurudumu, mafuta husogea, na kila sentimita ambayo pedali imeshuka ina mafuta yaliyokwenda mahali fulani. Pedali ikizama mno, tuulize yamekwenda wapi: kujaza nafasi iliyo pana kuliko inavyotakiwa, kuubana upepo ulioingia ndani ya mabomba, au kupenya mahali ambapo hayakupaswa kupenya. Kila jibu kati ya hayo lina namna yake ya kujitokeza chini ya unyayo, na ndiyo maana nasisitiza kwamba mguu utangulie kabla ya spana.

Zima injini, kisha kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, ili msaada wa busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, uishe. Sasa kanyaga na ushikilie kwa nguvu ileile kwa muda wa dakika moja. Baada ya hapo rudia kwa kukanyaga taratibu sana, kama mtu anayesimama polepole kwenye foleni. Hatua hii ya pili hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayofichua masta silinda iliyochoka. Raba hii niliyoishika kiganjani ilitolewa ndani ya masta silinda ya namna hiyo. Tazameni ukingo wake mwembamba ulivyolika upande mmoja. Ukikanyaga kwa nguvu, shinikizo la mafuta huutanua ukingo huu ukagandamana na ukuta wa silinda na kuziba. Ukikanyaga kidogo, haugandamani vya kutosha, mafuta hupita pembeni yake, na pedali hushuka polepole hadi karibu na sakafu.

Lakini msiilaumu masta silinda kabla ya kutafuta uvujaji wa nje. Kagueni upande wa ndani wa kila tairi, viungo vya mabomba, mipira inayokwenda kwenye kalipa, na silinda ndogo zilizo ndani ya dramu, yaani breki za umbo la ngoma. Kisha legezeni nati zinazoifunga masta silinda kwenye busta, muivute mbele kidogo, na kupitisha kitambaa cheupe nyuma yake. Mafuta yanaweza kuwa yanaingia ndani ya busta bila tone hata moja kuanguka chini. Iwapo kote ni kukavu na kiwango hakipungui, lakini pedali inaendelea kuzama, hapo raba za ndani ndizo za kushukiwa.

Jambo moja lisiwatishe: mguu ukiwa juu ya pedali, injini ikawashwa, pedali hushuka kidogo na kusimama. Hiyo ni busta inayofanya kazi yake.

Pedali inayokwenda chini safari ya kwanza, ikapanda na kuwa ngumu ukikanyaga haraka mara ya pili, mara nyingi inaeleza habari ya nafasi iliyozidi. Katika magari yenye dramu nyuma, kirekebishi, kinachoweka karibu na dramu viatu vya breki vinavyoisugua kwa ndani, hukwama kwa kutu, viatu vikabaki mbali na dramu. Kama breki ya mkono inatumia viatu hivyohivyo, ivute kisha ukanyage pedali. Ikipanda juu, umepata penye tatizo. Zungusha kirekebishi mpaka dramu iguse viatu kwa mbali huku ikiendelea kuzunguka.

Pedali laini inayodunda kama sponji ina upepo. Wakati mwingine upepo huo ni mvuke wa maji, kwa kuwa mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu. Kipimo cha ubora cha DOT 3, kinachoandikwa kwenye chupa ya mafuta ya breki, kinataka mafuta mapya yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila yakishanyonya maji kikomo hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Kwenye mteremko mrefu mafuta ya zamani huchemka, pedali ikaenda hadi sakafuni, kisha yakipoa ikarudi ngumu, na dereva akadhani ubovu umekwisha wakati mafuta ni yaleyale.

Katika kutoa upepo, mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skrubu ya kalipa yenye mpira mwangavu uliozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta, na anaifunga kabla mguu haujaachia. Kwenye masta silinda ya zamani wekeni kipande cha ubao chini ya pedali, kwa sababu raba ikisukumwa hadi sehemu ya silinda ambayo haikuwa ikifika, hukwaruzwa na kutu. Niliwahi kulishughulikia gari ambalo lilitolewa upepo mara tatu bila mafanikio: kalipa za kushoto na kulia zilikuwa zimebadilishana, skrubu zikawa chini, na viputo vilibaki juu ambako hakuna pa kutokea. Tulizirudisha mahali pake, na chupa ikajaa viputo kwa dakika kadhaa kabla mafuta hayajatoka safi.

Baada ya kufunga kila kitu, washeni injini, shikilieni pedali kwa dakika moja, kisha rudisheni kile kitambaa cheupe kwenye viungo vyote mlivyofungua. Kikitoka kikavu, gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pa wazi.